KALAMU, DAFTARI NA SAA YA ALFAJIRI
Somo la kuandika na kufanya kazi kwa wanafunzi wetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi pamoja na wazazi wetu, katika jarida la mwaka huu tumeombwa tuandae somo litakalomfaa mwanafunzi aliye bado darasani na pia yule aliyekwisha kumaliza, ambaye sasa yuko shambani, dukani au kwa fundi seremala. Tumechagua kuzungumzia kuandika. Hatuna maana ya hati nzuri peke yake, wala utunzi wa mashairi. Tunakusudia ile tabia ya kushika kalamu kila siku, inayomsaidia mtu kufanya kazi yake vizuri na kusogea mbele katika kazi hiyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi wa mjini. Sisi wa Kinole kazi zetu ni mdalasini, karafuu, pilipili manga, ndizi na machungwa. Kalamu inatuhusu nini? Hebu tutazame pamoja.

DENI LISILOANDIKWA

Magomvi haya yanajulikana katika kila kitongoji. Mtu anakopa fedha kwa jirani yake kwa ahadi ya kulipa mdalasini utakapobanduliwa. Wanaaminiana, wameswali safu moja miaka mingi, kwa hiyo hawaandikiani. Shahidi ni mmoja tu, naye baadaye anahamia Dar es Salaam. Kisha aliyekopa anafariki. Aliyekopesha anakuja matangani anataja kiasi chake, watoto wa marehemu wanasema hawakuambiwa kitu, mjomba anaitwa, wazee wanakaa barazani toka asubuhi mpaka magharibi. Hata wakisuluhisha, nyumba mbili zilizokuwa zikiombana moto na chumvi zinaanza kupitana njiani kimya. Na pengine hakuna hata mmoja aliyekusudia kudhulumu. Kilichokosekana ni mistari mitano ya wino.

Jambo hili lina uzito katika dini yetu. Deni la maiti hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Kama halikuandikwa, basi ama mwenye haki anakosa haki yake, ama mayatima wanalipa wasichodaiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni. Inataka muda wa kulipa ujulikane, mwandishi aandike kwa uadilifu, yule anayedaiwa ndiye atamke maneno ya kuandikwa, mashahidi wawepo, na watu wasione uvivu kuandika deni likiwa dogo au kubwa. Vilevile ipo hadithi mashuhuri ya Ibn Umar (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimpasi kupitisha siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Tujiulize ni wangapi katika sisi, wenye mashamba na wenye mifugo, tuna hata kipande cha karatasi.

Sasa, yule mwandishi anayetajwa katika aya, hapa kwetu ni nani? Mara nyingi ni wewe mwanafunzi. Mzee akitaka kuandikiana na mnunuzi aliyepanda kutoka Morogoro mjini, anamwita mjukuu wake mwenye daftari. Kwa hiyo tuanze hapo hapo, maana ndipo kalamu yako itakapotumika mwanzo.

Hati ya makubaliano iwe na majina kamili ya pande zote mbili, yaani jina la mtu, la baba na la ukoo, kwa sababu akina Juma Ally ni wengi. Kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kisha kwa maneno, maana sifuri moja ni rahisi kuongezwa. Eleza fedha ni ya nini. Kama ni mazao yanayouzwa yakiwa bado mtini, taja shamba liko wapi, ni miti mingapi, na nani atalipa vibarua wa kuvuna. Andika siku ya kulipa. Pande zote zitie saini, asiyejua kuandika aweke dole gumba, na mashahidi nao waandike majina yao. Ziandikwe nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Ukimaliza, soma kwa sauti mbele ya wote mara moja kabla hawajaweka saini. Usione haya kusoma polepole. Mzee asiyejua kusoma ana haki ya kusikia kila neno analolikubali.

Na tarehe isikose mwaka. Inasimuliwa kwamba zama za ukhalifa wa Umar (R.A.) ililetwa hati iliyosema deni litalipwa mwezi wa Shaaban. Umar akauliza, Shaaban ipi? Hii tuliyo nayo, iliyopita au inayokuja? Baada ya hapo Maswahaba wakashauriana, na hesabu ya miaka ikaanzishwa kuanzia Hijra ya Mtume (S.A.W.). Kalenda tunayofungia Ramadhani, kwa masimulizi haya, imeanzia kwenye karatasi ya deni isiyokuwa na mwaka. Hata hivyo, bado tunapokea barua za wazazi madrasani zilizoandikwa "Jumatatu" bila zaidi.

WALIOTUTANGULIA WALIANDIKAJE

Mwanafunzi akiona kitabu kikubwa kabatini anadhani mwenyewe alikaa siku moja akakimwaga chote. Haikuwa hivyo. Ibn Hajar al-Asqalani alianza kuandika Fat'hul Bari, sherehe ya Sahihi Bukhari, mwaka 817 Hijria, akaimaliza mwaka 842. Hiyo ni miaka 25. Katika miaka hiyo alikuwa pia akifundisha, na kwa muda akiwa kadhi. Imam Bukhari mwenyewe inapokewa kwamba usiku mmoja aliweza kuamka mara nyingi, kila mara akiwasha taa, akaandika jambo lililomjia, akaizima na kulala tena. Hakuliachia lisubiri asubuhi. Na Zaid bin Thabit (R.A.), kijana wa Madina, alipoagizwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, inapokewa kuwa alijifunza kwa muda wa kama nusu mwezi, kisha akawa ndiye msomaji na mwandishi wa barua hizo. Yeye ndiye baadaye aliyepewa kazi ya kukusanya Qur'an. Kazi kubwa ilimkuta tayari ana mkono uliozoea.

Tusiende mbali. Mombasa alikuwako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo sana likiitwa Sahifa, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Alikuwa na kazi ya ukadhi na darsa za kusomesha, lakini makala zilitoka, fupi fupi, kwa Kiswahili cha watu wake. Makala hizo za Sahifa ndizo zilizokuja kukusanywa zikawa kitabu cha Uwongozi.

Unguja alikuwako mwanafunzi wa elimu asiyechoka, Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912. Yeye alikuwa mwalimu wa shule. Asubuhi chaki, jioni darsa. Tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili, ambayo imo katika nyumba nyingi za Waislamu nchini mwetu, haikutoka siku moja. Ilianza kutolewa kwa sehemu ndogo ndogo, hatimaye ikatoka kamili mwaka 1969, wakati yeye amekwisha kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki Oman mwaka 1982. Mbali na tafsiri, aliandika vitabu vidogo vingi, na kimoja katika hivyo kinahusu maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki. Tutakirudia kitabu hicho mwisho wa somo.

Lakini mfano tunaotaka wanafunzi waukae ni wa Shaaban Robert, kwa sababu huyu hakuwa kadhi wala mwalimu mkubwa. Alikuwa karani. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaanza kazi katika idara ya forodha, Pangani. Tangu hapo mpaka karibu na mwisho wa umri wake alikuwa mtumishi wa serikali ya wakoloni, akihamishwa huku na huku, akijaza madaftari ya watu wengine saa za kazi. Kusadikika ilipochapishwa mwaka 1951 alikuwa bado yuko katika utumishi huo. Wasifu wa Siti binti Saad ulipotoka mwaka 1958, vilevile. Kila ukurasa tunaousoma shuleni uliandikwa na mtu aliyechoka na kazi ya mchana.

Kuna jambo jingine lake ambalo halisemwi sana. Tangu mwaka 1931 mpaka mwaka 1958 alikuwa akimwandikia barua ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge. Miaka 27 ya barua! Anaeleza kazi, afya, fedha, vitabu alivyopeleka kwa wachapaji, shida za familia. Ndugu yake akazitunza, na miaka mingi baada ya mwandishi kufariki mwaka 1962, zikachapishwa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fikirini: mmoja aliandika, na mwingine alikuwa na sanduku asiloruhusu mchwa waliingie. Bila wote wawili, leo tusingekuwa na kitu. Vivyo hivyo Utubora Mkulima na Kufikirika vilichapishwa baada ya kufa kwake, kwa kuwa aliacha miswada inayosomeka. Mwanafunzi anayeandika hovyo na kusema "mimi mwenyewe naielewa" atafakari hapo.

VIFAA

Vifaa tunavyohitaji ni vichache, na havizidi uwezo wa mtoto wa mkulima.

Cha kwanza ni daftari la mfukoni. Nunua daftari la kawaida la shule, likate katikati kwa kisu kikali, shona upya kwa uzi, utapata mawili. Hili ndilo la kutembea nalo shambani, sokoni na safarini. Humo unaandika kila kinachokupita: bei uliyoisikia Mkuyuni, neno usilolijua katika darsa, swali la kumuuliza ustadhi, siku mbuzi alipozaa. Halina mpangilio, wala halihitaji. Jioni unahamisha yaliyo muhimu katika daftari kubwa linalokaa nyumbani, na mengine unayaacha yafe. Kuhamisha huku ndiyo kazi yenyewe. Wengi wana daftari la mfukoni lililojaa, hawajalifungua tangu walipoandika.

Sisi wa upande huu wa milima ya Uluguru tuna adui ambaye vitabu vya mjini havimtaji, naye ni unyevu. Mvua za mashariki ya milima hazina mchezo. Wino wa kalamu ya maji ukilowa unatawanyika, ukurasa mzima unakuwa wa bluu. Kwa hiyo shambani tunashauri penseli. Penseli ikilowa haiyeyuki, na karatasi ikikauka maandishi yapo. Hati na vyeti viwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya kopo au sanduku la bati lenye kifuniko, juu ya dari au rafu, mbali na ukuta wa udongo ambako mchwa hupanda. Mara moja kila mwezi, siku ya jua kali, vitolewe vipigwe hewa. Tumeona cheti cha darasa la saba chenye ukungu hata picha ya mwenyewe haijulikani ni ya mvulana au ya msichana.

Kamusi ni kifaa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1981, na imerudiwa kuchapishwa. Si lazima kila nyumba iwe nayo. Madrasa ikiwa na moja inatosha, ikiwa itakuwa inafunguliwa. Na anayekwenda Morogoro mjini kwa shughuli nyingine asikose kuingia Maktaba ya Mkoa, hata kwa saa moja.

Ama simu, tunajua vijana wanaisubiri hii. Simu ni kifaa kizuri. Piga picha hati ya makubaliano mara tu inapotiwa saini, ili nakala ikipotea pabaki ushahidi. Rekodi darsa la sheikh kwa idhini yake. Lakini usiifanye simu kuwa daftari lako la pekee, maana ikitumbukia mtoni imekwenda na maandishi yote. Na wakati wa kuandika, izimwe kabisa na iwekwe chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi; tumewatazama wanaofanya hivyo, kila dakika tano mkono unakwenda wenyewe.

SAA GANI?

Wakati ulio bora kwa wengi wetu ni baada ya swala ya alfajiri mpaka jua kuchomoza. Kichwa kimetulia, hakuna mgeni, kazi za shamba hazijaanza. Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake, na mkulima wa Kinole hahitaji kufundishwa faida ya kuwahi. Asiyeweza alfajiri achague baina ya magharibi na isha. Cha muhimu ni kuwa wakati huo huo, mahali hapo hapo, kila siku, hata kama ni nusu saa. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu ijapokuwa ndogo.

Tupige hesabu. Mtu akiandika nusu ukurasa kwa siku, siku tano kwa wiki, anapata kurasa mbili na nusu. Katika wiki 50 anazo kurasa 125. Hicho ni kitabu. Yule anayesubiri apate siku nzima ya nafasi ataisubiri mpaka ndevu ziwe nyeupe.

Hapa tuna neno kwa wazazi, na tunalisema kwa heshima. Mtoto wa kiume baada ya swala anaachwa na juzuu yake au daftari lake. Dada yake wakati huo huo yuko mtoni kuchota maji, akirudi anawasha moto, akimaliza anafagia, na saa ya shule imefika. Kisha matokeo yakitoka tunasema wasichana hawapendi kusoma. Nusu saa hiyo ni haki yake pia. Ndugu zake wa kiume wana mikono, ndoo haichagui.

RASIMU NA KUPITIA

Andiko la mara ya kwanza ni rasimu. Liandike bila kusimama kila neno kulisahihisha, makosa yatangoja. Ukimaliza liache lilale, siku moja au mbili, kisha lisome kwa sauti. Sikio linakamata kosa ambalo jicho limelipita. Sentensi ikikukatia pumzi, ikate vipande viwili.

Baada ya hapo mpe mtu mwingine asome. Wanavyuoni wa zamani walikuwa na desturi inayoitwa muqabala: mwanafunzi aliyenakili kitabu alikaa mbele ya mwalimu au mwenzake, mmoja akisoma katika nakala na mwingine akifuata katika asili, neno kwa neno, na pale palipopungua pakaongezwa pembeni mwa ukurasa. Kitabu kisichofanyiwa hivyo hakikuaminiwa. Nasi tuifanye wawili wawili, hata kwa insha ya darasa la sita. Sharti ni moja: anayesoma asicheke. Mtoto akichekwa mara moja kwa tahajia, mwaka mzima hataonyesha daftari lake kwa mtu.

KUANDIKA NA KUPANDA DARAJA KATIKA KAZI

Tuseme kijana amerithi sehemu ya shamba la mdalasini. Mwaka huu kauza kilo 120 kwa shilingi 5,000 kila kilo. (Bei hii ni ya mfano tu, tusije tukaulizwa sokoni.) Mkononi kapata shilingi 600,000, anajiona tajiri. Kama ameandika, ataona vibarua wa kukata na kubandua walimla 150,000, pikipiki za kuteremsha mzigo 60,000, na magunia 20,000. Kilichobaki ni 370,000. Akiandika hivyo miaka mitatu mfululizo, atajua mambo ambayo jirani yake anayakisia: mwaka upi alipata faida na kwa nini, kibarua yupi anabandua gome bila kulivunja, na kama ni afadhali kuuza hapa au kushusha mwenyewe mjini.

Kuna kipimo kimoja tunachowahimiza wote. Pima gome likiwa bichi, kisha pima tena likishakauka sawasawa, uandike namba zote mbili. Fanya hivyo kila mara. Baada ya muda utakuwa na kipimo cha shamba lako mwenyewe, na mnunuzi akija na mizani yake akakuambia mzigo umepungua sana kwa kukauka, utafungua daftari mkajibizana kwa namba. Mtu mwenye daftari hapunjwi kirahisi, na zaidi ya hapo, siku akienda kuomba mkopo kwenye chama cha akiba na mikopo, ana cha kuonyesha.

Fundi naye ni hivyo hivyo. Mwanafunzi wa useremala anayeandika vipimo vya kila dirisha alilolitengeneza pamoja na fundi wake, na mbao zilizotumika, baada ya mwaka mmoja anaweza kukisia gharama ya kazi mpya bila kumsumbua fundi. Huyo ndiye atakayeachiwa karakana fundi akisafiri. Mwenzake mwenye mkono mwepesi zaidi lakini asiyeandika ataendelea kushika upande wa pili wa mbao.

Wengine watataka kuajiriwa au kuendelea na masomo. Morogoro tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 1984, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, na vyuo vya ufundi. Mlango wa kote huko ni barua. Barua ya maombi iwe na anuani yako juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Anuani ya unayemwandikia upande wa kushoto. Halafu YAH na kichwa cha habari. Halafu maelezo yasiyozidi ukurasa mmoja. Sema unaomba nini, una sifa gani, na unapatikana wapi. Malalamiko ya umaskini hayaombi kazi. Na tafadhalini, msinakili barua ya mtu mwingine. Tumewahi kuonyeshwa barua nzuri kabisa, ila mwombaji alisahau kubadilisha jina, akaombea kazi mtu mwingine.

Pamoja na barua huambatana wasifu wako. Kijana anasema, "Mimi sina la kuandika, sijawahi kuajiriwa." Je, hukusomesha watoto wadogo alifu kwa miaka miwili? Hukuwa mweka hazina wa michango ya Maulidi? Hukusimamia vibarua katika shamba la mjomba? Yote hayo ni kazi, na kila moja ina mwaka ilipoanza na mwaka ilipoisha. Tatizo ni kwamba hukuandika wakati ule, sasa hukumbuki. Ndiyo maana tunataka kila mwanafunzi atenge kurasa mbili za mwisho za daftari lake kubwa, aandike humo kila jukumu alilopewa, tarehe, nani alimpa, na lilikwendaje. Uandike ukweli tu. Cheo cha kubuni kinafurahisha siku ya kuandika, lakini swali moja la mwajiri linatosha kukiangusha, na Allah (S.W.) alikwisha kukiona kabla yake.

ZOEZI LA MWAKA HUU

Tulisema tutakirudia kitabu cha Sheikh Farsy juu ya wanavyuoni. Kwa kitabu kile tunawajua masheikh wengi wa Unguja na wa pwani, walisoma kwa nani na walimsomesha nani. Lakini ni nani aliyeandika walimu wa milima yetu? Waliopanda kwa miguu na msahafu kichwani, wakasomesha chini ya mwembe, wakazikwa huku huku? Majina yao yamo vifuani mwa wazee, na kila mwaka tunazika wazee kadhaa. Hali ni hiyo hiyo kwa habari za kijiji. Jina la Kingalu linajulikana mpaka mjini, hata soko kuu la Morogoro limepewa jina hilo, lakini ukimwuliza mtoto wa Kinole habari zake atakujibu kuwa ni jina la soko. Na ni hivyo kwa elimu ya viungo: nani alileta mche wa kwanza wa karafuu katika shamba lenu, na mdalasini hukatwa mwezi gani na kwa nini?

Basi kila mwanafunzi wa darasa la tano kwenda juu achague mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, babu, bibi au mjomba. Amwendee kwa adabu, ampelekee hata kipande cha sabuni au sukari kidogo, amwombe ruhusa ya kuandika. Aandae maswali matano kabla ya kwenda. Amwache mzee aseme, asimkatize hata akitoka nje ya swali, kwa kuwa huko nje ndiko yaliko mazuri. Asiandike katika hati yake lililo siri ya nyumba ya watu. Usiku huo huo aandike rasimu, kabla maneno hayajapoa. Siku ya pili amrudie mzee, amsomee alichoandika, asahihishwe. Kisha anakili kwa wino, kurasa mbili hadi nne, juu aweke jina la mzee, jina lake mwenyewe, kitongoji, na tarehe kamili yenye mwaka, wa Hijria na wa Miladia.

Makaratasi yaletwe kwa ustadhi wa darasa kabla ya tarehe mosi Shaaban. Sanduku la bati limekwisha kununuliwa, lipo ofisini. Wanafunzi wa madarasa ya juu ndio watakaofanya muqabala, wawili wawili, kila Alkhamisi baada ya swala ya alasiri.

Wabillahi tawfiq.